Kishindo kina wakati wake

Gari ninaloendesha niliachiwa na ami yangu. Lilitoka kiwandani Japani mwaka 2006: injini ya petroli ya silinda 6, mota ya umeme inayosukuma magurudumu ya mbele, mota nyingine peke yake kule nyuma, na betri ya volti 288 chini ya kiti cha nyuma. Liliteremshwa bandari ya Kilindini kabla halijapita miaka 8, ambayo ndiyo mwisho wa sheria ya Kenya kwa magari yaliyotumika. Sheria hiyo huangalia siku ya kuingia tu. Baada ya hapo gari huzeeka pamoja nasi, na Mombasa sasa imejaa haibridi, magari ya petroli na umeme pamoja, za umri huo ambazo wenyewe wameanza kuziogopa.

Hofu yenyewe huanza na sauti. Kwa langu ilikuwa kishindo kizito, du, kimoja tu, kinachopanda kwenye sakafu mpaka ukakisikia kwa nyayo. Kilikuja kwenye foleni ya Kongowea gari likitambaa, kikapotea nikishika mwendo kuelekea Mtwapa. Gereji ya kwanza niliambiwa giaboksi imekwisha, inagonga ikibadilisha gia. Gereji ya pili wakasema ni propela shafti, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, na beringi yake ya katikati. Wote walisema kwa uhakika, na wote walitaja bei kabla ya kuniuliza kishindo chenyewe huja lini.

Naandika kwa sababu najua kuna watu wengi hapa Pwani wanaosikia sauti kama ile na kujibiwa majibu kama yale. Wengine wameshauza gari zima kwa bei ya hasara kwa ajili ya kipande cha mpira. Hilo linaniuma.

Tuanze na hiyo giaboksi. Haibridi ya aina hii haina gia za kubadilisha. Haina klachi, wala haina gia ya rivasi. Ndani ya kile kijumba cha aluminiamu kuna gia za sayari: gia ndogo katikati, gia nyingine kadhaa zinazoizunguka zikiwa zimeshikwa kwenye fremu moja, na pete kubwa yenye meno inayozikumbatia zote. Injini imeungwa kwenye ile fremu. Mota ya kwanza imeungwa kwenye gia ya katikati. Pete ndiyo inayopeleka nguvu magurudumuni, na mota ya pili, ile yenye nguvu zaidi, inaingia kwenye njia hiyohiyo kupitia gia nyingine za sayari zinazopunguza mizunguko yake. Meno yote hayo yameshikana muda wote, hayaachani hata mara moja. Kinachobadilika ni kipi kinazunguka kwa kasi gani, na kompyuta huamua hilo kwa kuongeza au kupunguza umeme wa mota. Ukitaka kurudi nyuma, mota ya pili inazungushwa kinyume, basi. Mpango huu uliingia sokoni Japani mwaka 1997 na Prius ya kwanza, na kwa maoni yangu hakuna giaboksi ya gari la kawaida iliyorahisishwa vizuri namna hii. Kwa hiyo kishindo cha kubadilisha gia hakiwezi kutoka humo, maana tendo lenyewe halipo.

Na propela shafti? Nililala uvunguni na tochi nikatazama. Kutoka mbele hadi nyuma niliona bomba la egzosi na vifuniko vya nyaya nene za rangi ya machungwa. Shafti hakuna. Magurudumu ya nyuma yana mota yao, hayana kiungo chochote cha chuma na injini. Kinachosafiri kwenda nyuma ni umeme. Beringi ya katikati niliyotajiwa bei yake haijawahi kuwepo kwenye gari hili tangu liumbwe.

Siwalaumu mafundi kwa kutolijua gari wasilofundishwa. Wengi wao wamejifunza kazi kwa magari ya klachi na propela, na kwa hayo ni hodari kweli. Lakini mteja anayetoa pesa ana haki ya kuulizwa swali moja kabla ya spana kugusa boliti: kishindo huja lini? Katika haibridi nguvu hutoka sehemu tatu tofauti na kila moja ina saa zake za kazi, kwa hiyo wakati wa sauti unakuonyesha mahali pake karibu kwa uhakika.

Chukua kishindo kinachokuja unapotoa gia kwenye P na gari limeegeshwa penye mteremko. Ndani ya giaboksi kuna kidole cha chuma kinachoingia kwenye gia na kuzuia gari lisibingirike. Ukiweka P kisha ukaachia breki, gari zima la karibu tani mbili linalala juu ya kidole hicho, na ukikitoa kinachomoka kwa nguvu. Dawa yake haina gharama: vuta hendibreki kwanza ukiwa bado umekanyaga breki, achia breki gari likae kwenye hendibreki, ndipo utie P.

Kishindo kinachokuja gari limesimama tuli, injini inapojiwasha au kujizima, hicho ni kingine. Injini ya gari la kawaida huwashwa asubuhi ikazimwa ukifika. Hii ya haibridi huwaka na kuzima mara nyingi katika foleni moja, na kila mara mota ya kwanza huizungusha kwa nguvu kutoka sifuri. Mishtuko yote hiyo inabebwa na maunti za injini, vile vishikizo vya mpira na chuma vinavyoishika injini kwenye bodi. Maunti ikipasuka, injini inaruka na kugonga. Ikiwa maunti ni nzima, mtuhumiwa wa pili ni dampa, sahani yenye springi iliyoko kati ya injini na giaboksi, mahali ambapo gari la kawaida lingekuwa na klachi. Springi zikilegea utasikia mkwaruzo na mgongano mfupi wakati uleule wa kuwaka na kuzima. Na kama ni asubuhi, injini baridi, inawaka kwa kutetemeka na kugonga huku maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja chini, usipoteze muda na maunti. Hapo ni kufikiria gasketi ya kichwa, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake, na gari lisiendeshwe mpaka liangaliwe.

Cha juu ya matuta na mashimo mara nyingi ni cha shoki, boljointi na stebilaiza. Hicho fundi yeyote anakijua, sikiandikii mengi.

Kinabaki kile cha mguu: unaachia akseleta, gari linapunguza mwendo, unakanyaga tena, du. Hapo nguvu imegeuka upande. Haibridi ikipunguza mwendo, mota inageuka jenereta na kuyashikilia magurudumu ili irudishe umeme kwenye betri. Ukikanyaga tena, mota ileile inasukuma, na mota ya umeme haina haja ya kupanda mizunguko ndipo ipate nguvu. Inazo tangu gurudumu likiwa limesimama. Kwa hiyo kila kilicholegea kati ya mota na bodi ya gari kinavutwa nyuma, kisha ghafla kinatupwa mbele.

Nilitaka kujua langu ni lipi kati ya haya, na Daraja la Nyali lilinisaidia kuliko mashine yoyote. Daraja lina viungo vya chuma barabarani, na matairi yakivipita unasikia mguso wa kila kimoja. Nikavipita kwa mwendo wa wastani, mguu umetulia sehemu moja kwenye akseleta. Hakuna kishindo. Nikashuka upande wa Kongowea, foleni ikanipokea, nikaachia na kukanyaga: du. Kama ingekuwa shoki au stebilaiza, daraja lingeisema.

Jaribio lililonipa raha zaidi lilitumia kioo cha dashibodi. Magari haya yana picha inayoonyesha mishale: nguvu inatoka injini, inatoka betri, au inarudi betri. Nilimkalisha mpwa wangu kiti cha mbele nikamwambia asiangalie barabara, aangalie mishale tu na anitangazie kwa sauti. Foleni ya kivuko cha Likoni ndiyo mahali pazuri, gari linasonga hatua kwa hatua na injini mara nyingi imezimika. "Inarudi betri," anasema. "Inarudi, inarudi... imegeuka, inatoka betri." Na hapohapo, mshale unapogeuka, du. Injini ilikuwa imelala muda wote huo. Kwa hilo tu nikaliondoa dampa kwenye orodha pamoja na habari yote ya injini kuwaka na kuzima. Ni kijana wa sekondari, hajawahi kushika spana, na alikuwa ameshafanya nusu ya kazi ambayo gereji mbili hazikuifanya.

Bado kulikuwa na mbele au nyuma, maana mota ya nyuma nayo ina maunti zake. Tuliweka simu mbili zikirekodi, moja kwenye sakafu ya mbele na nyingine buti nyuma, tukapiga makofi mara moja ili tuweze kuoanisha rekodi, kisha tukazunguka mtaani polepole. Ya mbele ilikuwa na kishindo kizito na kikavu. Ya nyuma ilikisikia kwa mbali.

Mashine ya kusoma makosa tuliiunga pia. Haikuonyesha kosa lolote, na hilo lilikuwa jibu zuri. Kompyuta huona umeme, joto, mizunguko na presha, lakini mpira hauna sensa. Gari likigonga na kompyuta iko kimya, anza kutafuta kwenye vitu visivyo na waya.

Kisha tukaenda kwenye uwanja mtupu, mpwa wangu akachuchumaa pembeni na simu, nayo imewekwa kurekodi video ya mwendo wa taratibu, ikilenga gurudumu la mbele la kushoto. Nikasogea mwendo wa kutembea, nikaachia, nikakanyaga. Tuliitazama ile video mara kadhaa kivulini. Gari linapunguza mwendo, na gurudumu linarudi nyuma ndani ya duara la fenda, pengo la nyuma linapungua. Kisha mguu unakanyaga. Kabla bodi ya gari haijasonga hata kidogo, gurudumu peke yake linakwenda mbele, karibu upana wa kidole, linasimama ghafla, fenda inatikisika, ndipo gari linaondoka. Kile kisimamo cha ghafla ndicho kishindo. Nilikuwa nimekisikia kwa muda mrefu, na kukiona kwa macho kulinipa utulivu mkubwa.

Nikaibeba video mpaka Changamwe kwa fundi mzee ambaye ami alikuwa akimwamini. Aliivuta miwani kutoka mfukoni, akaitazama mpaka mwisho, akairudia.

"Gurudumu lenyewe latembea, mwanangu," akasema. "Wamekwambiaje huko?"

"Giaboksi, mzee. Wengine propela."

"Propela gani? Hebu lipandishe."

Alilipandisha kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, na akaniomba ufunguo. Aliutia kwenye droo ya meza yake akaifunga. Hilo nalitaja makusudi. Haibridi iliyo tayari kwenda iko kimya kabisa, na injini inaweza kujiwasha yenyewe wakati wowote mtu akiwa chini na mikono karibu na feni na vitu vinavyozunguka. Ufunguo usikae na mwenye gari anayepiga gumzo pembeni.

Akachukua mtaimbo mfupi, akauingiza kati ya fremu na loa amu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini, upande wa nyuma yake ambako kuna bushi kubwa, yaani mpira uliogandishwa kati ya vyuma viwili. Alipoubonyeza tu, mdomo ukafunguka. Mpira ulikuwa umechanika nusu ya duara, chuma cha ndani kinaogelea, na kwenye ukingo wa nje palikuwa na alama inayong'aa, chuma kikiwa kimesuguana na chuma. Upande wa kulia ulikuwa umeanza kupasuka vilevile. Akamulika na maunti ya injini ya mbele: hii ni ya aina inayobeba mafuta ndani kupunguza mtikisiko, na mafuta yalikuwa yamevuja yakaacha doa jeusi kwenye chuma chini yake. Maunti hiyo siyo iliyokuwa ikigonga, lakini iliongeza.

Bushi ile ya nyuma ya mkono ndiyo inayopokea mvuto wa mbele na nyuma wa gurudumu. Katika gari la kawaida mvuto huo hugeuka hasa unapofunga breki na unapoondoka. Katika haibridi unageuka kila unapoachia akseleta, hata kidogo. Ongeza joto letu, ongeza hewa ya chumvi inayokula kila chuma kisichopakwa rangi, ongeza umri. Sioni ajabu kwamba mpira ulichoka. Ajabu ni kwamba ulikaa muda wote huo.

Kazi yenyewe ilimchukua muda kwa sababu ya boliti moja. Ilikuwa imejificha nyuma ya breketi ya maunti, haitoki bila injini kuinuliwa kidogo kwa jeki na kipande cha mbao, na kutu ilikuwa imeishika kama ndugu. Kabla ya kuinua injini, mahali penye nyaya za machungwa karibu, alichomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, akaiweka mfukoni mwake, akaenda kunywa chai. Si uvivu. Ndani ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota, kuna kapasita zinazohifadhi umeme, na umeme wa betri hupandishwa humo hadi volti 650, kwa hiyo hata ukikata betri unasubiri dakika kadhaa zitoke. Glavu za mpira za umeme alikuwa nazo, na alizikagua tundu kwa kuzijaza pumzi kabla ya kuzivaa. Fundi wa namna hii ukimpata, usimwombe apunguze bei.

Juu ya spea tulikubaliana tangu mwanzo. Kuna vitu vingi vya ex-Japan, vilivyotolewa kwenye magari yaliyotumika Japani, ninavyonunua bila wasiwasi: taa, milango, hata mota yenyewe ikiwa imepimwa. Mpira sinunui. Mkono uliotolewa kwenye gari la umri uleule una mpira wa umri uleule, na kuupuliza rangi nyeusi dukani hakuurudishi ujana. Tukachukua mikono mipya pande zote mbili, na maunti mpya ya mbele.

Jambo la mwisho alilofanya ndilo ningependa kila gereji ibandike ukutani. Alizifunga boliti za bushi zikiwa legevu gari likiwa juu, akaliteremsha, akalisukuma juu ya mbao nene ili magurudumu yabebe uzito wote na mkono ukae katika pembe yake ya kawaida, ndipo akaingia chini na kukaza kabisa. Bushi ya aina hii haizunguki kwenye boliti. Mpira wake umegandishwa kwenye chuma pande zote mbili, na mkono unapopanda na kushuka ni mpira unaojinyonga. Ukikaza gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, basi umeufunga mpira katika pembe ya kuning'inia. Ukiliteremsha, tayari umenyongwa, na utakaa umenyongwa hata gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Bushi mpya iliyofungwa hivyo huchanika mapema, na mwenye gari hulaumu spea. Mtu akikufungia mikono mipya, muulize alikaza boliti gari likiwa wapi. Jibu litakwambia mengi. Baada ya hapo peleka gari likapimwe alaimenti, maana pembe za magurudumu huwa zimehama.

Kishindo hakipo. Foleni ya Kongowea, mteremko wa Likoni, mguu unaachia na kukanyaga, mshale unageuka kwenye kioo na gari linaondoka.

Ninachofuatilia sasa ni betri. Moduli za nikeli, yaani vipande vinavyounda betri, zikichoka haziwezi kubeba foleni ndefu, na injini inalazimika kuwaka mara nyingi zaidi kuijaza. Kila kuwaka ni mshtuko mwingine kwa maunti na dampa. Kwa hiyo nimesafisha matundu ya hewa ya feni ya betri yaliyo karibu na kiti cha nyuma, yaliyokuwa yamejaa vumbi na nywele za paka wa jirani, na ninaangalia injini inawaka mara ngapi tukiwa tumesimama na eyakondishena inafanya kazi. Dampa bado ni ile ya 2006. Ikianza kulia nitaijua, kwa sababu italia gari likiwa limesimama, mguu wangu ukiwa kwenye breki, na injini ndiyo kwanza inawaka au inazima. Kuifikia ni lazima giaboksi ishushwe, kazi ya pesa nyingi, na sitaifungua kwa kubahatisha kabla haijalia.